Misemo ya Kiingereza Tuliyoigawa Barabara ya Tisa

Sogea karibu, wewe uliyeingia kidato cha kwanza ukiwa na Kiingereza cha kumwamkia mwalimu na cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na hicho cha pili ukikijua vizuri zaidi kuliko cha kwanza. Nataka nikueleze jinsi sisi wa Tanga tulivyojifunza misemo ya lugha ile. Huna haja ya daftari. Sikiliza tu, na penye neno gumu nitasimama.

Enzi zetu Kiingereza kilikaa shuleni. Kengele ya mchana ikilia tulikiacha darasani pamoja na chaki na madawati, tukarudi Ngamiani kwa baiskeli, wawili wawili, mmoja akikanyaga na mwenzake kakaa kwenye keria akimwelekeza. Njiani tulinunua muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa chumvi na pilipili. Muuzaji aliufunga kwa ukurasa wa daftari la mtu aliyekwisha maliza shule. Mara nyingi lilikuwa la hesabu, na mara nyingi hesabu zenyewe zilikuwa zimekosewa. Tulizisahihisha huku tunakula.

Nyumbani kwetu, barabara ya tisa, tulikuwa watu watano: baba, mama, mimi, bibi yangu mzaa baba aliyeitwa Bi. Mwanaidi, na Riziki. Riziki alikuwa binti wa shangazi yangu aliyeolewa Moa, kule karibu na mpaka. Aliletwa kwetu ili asome sekondari mjini. Tulikuwa darasa moja, tulilala kitanda kimoja, na tulicheza rede upande mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa upande wa pili wa Riziki. Alirusha mpira kama anayedai haki yake.

Baba yake, Bwana Kombo, alikubali asome kwa sharti moja. Alilisema siku aliyomleta, amesimama mlangoni na sanduku la bati begani: "Akifaulu mtihani wa kidato cha pili, aendelee. Akifeli, sitaki mwaka wa kurudia. Nitakuja kumchukua." Hakuwa mtu mbaya, na sitaki umchukie. Shangazi yangu alilima mwani, ule mmea wa baharini unaofungwa kwenye kamba maji yakitoka, ukakaushwa, ukauzwa. Kazi yake ni kuinama. Shangazi alikuwa ameinama miaka mingi, na mgongo ulianza kukataa. Mikono ya binti mkubwa ilikuwa inahitajika.

Hesabu Riziki aliziweza. Jiografia pia, ukimuuliza kwa Kiswahili. Lakini mtihani haukuuliza kwa Kiswahili, na katika Kiingereza chenyewe kulikuwa na sehemu iliyomkosesha usingizi: sehemu ya misemo.

Kwa asiyekumbuka, nieleze. Waingereza wana vitenzi vidogo ambavyo peke yake havina shida yoyote. Chukua "look", kutazama. Lakini hawakiachi hivyo. Wanakipachika kineno nyuma, na maana inahama nyumba. "Look after" ni kutunza. "Look for" ni kutafuta. "Look into" ni kuchunguza. "Look down on" ni kudharau, na "look up to" ni kumheshimu mtu na kutamani kuwa kama yeye. Halafu kuna misemo mizima ambayo ukiifungua neno kwa neno hupati kitu. "Under the weather" si habari ya mvua, ni kujisikia vibaya mwilini. "Sit on the fence" ni kukataa kuchukua upande. "Turn a deaf ear" ni kutia pamba masikioni. Usihofu ukiona ni mingi. Sisi tulihofu kwa niaba yako.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Hoza, Mbondei wa Muheza aliyekuja na machungwa kila Jumatatu na kuyala mwenyewe, alituandikisha misemo mia mbili kwenye kauntabuku, pamoja na maana zake. Ilichukua wiki mbili. Alipomaliza akafunga kitabu chake na kusema: "Iwekeni kichwani." Hakueleza namna. Nadhani alijua namna moja na akaamini sote tunayo hiyohiyo.

Sisi tulikuwa na yetu. Bibi alikuwa mwalimu wa chuo, yaani madrasa ya pale nyumbani. Kila siku baada ya sala ya alasiri watoto wa mtaa waliketi kwenye mkeka uani, wakasoma juzuu zao kwa sauti, kila mmoja penye lake, na bibi akawasikiliza wote kwa pamoja huku anasuka ukili wa kushonea mikeka. Mikono yake haikusimama. Ikisimama, ulijua kuna aliyekosea, na kila mtoto alijirudi kimoyomoyo kuona kama ni yeye. Riziki na mimi tulikuwa tumehitimu pale tukiwa wadogo. Njia ya kuweka kitu kichwani tuliijua: unakisoma kwa sauti, unakirudia, unaongeza kidogo, unarudi mwanzo, unadurusu jana kabla ya kugusa leo.

Basi Riziki akaenda kumwomba bibi tusome misemo pale uani, watoto wakishaondoka.

Bibi alifikiri. "Haya si maneno ya Mwenyezi Mungu," akasema, "kwa hivyo sitawaambia mtie udhu. Lakini kichwa ni kilekile. Leteni."

Tukaigawa misemo mafungu kumi ya ishirini ishirini. Tulisoma tukiyumba kidogo, kama tulivyozoea: "Look after, kutunza! Look for, kutafuta! Look into, kuchunguza!" Bibi hakujua neno hata moja la Kiingereza. Alisuka. Lakini siku ya tatu tuliporuka "look into" kwa bahati mbaya, mikono ikasimama.

"Mmeruka," akasema.

"Bibi umejuaje?"

"Jana hapo mlipumua. Leo hamkupumua."

Kwa miezi mitatu tulisoma hivyo. Harufu ya ukili uliolowekwa, ya kahawa ya baba, na ya vitumbua vya jirani bado naisikia nikiona neno "look" mahali popote, hata kwenye tangazo la miwani. Tulimaliza fungu la kumi. Tukasoma misemo mia mbili toka mwanzo hadi mwisho bila kituo, na bibi akatukaangia kaimati kama watu waliohitimu. Riziki aliandika barua kwa baba yake kwamba Kiingereza sasa anakijua.

Wiki iliyofuata Mwalimu Hoza akatoa jaribio. Maswali ishirini, sentensi zenye pengo, ujaze msemo unaofaa. Dakika arobaini.

Nilimaliza kwa taabu, nikageuka kumtazama Riziki. Alikuwa amefumba macho, midomo inatikisika, anayumba kidogo. Nikaelewa. Kila alipofika kwenye pengo alianza kusoma toka mwanzo wa fungu la kwanza, kimoyomoyo, hadi afike kwenye msemo aliouhitaji. Swali likitaka msemo wa mia na themanini, alisafiri misemo mia na sabini na tisa kwanza. Akishaupata, aliandika, akashukuru, akaanza tena toka "look after".

Alijibu maswali sita. Yote sita yalikuwa sahihi. Mwalimu Hoza aliandika chini kwa kalamu nyekundu: "Vizuri sana. Mengine yako wapi?"

Riziki hakulia darasani. Alilia kwenye keria ya baiskeli, nyuma yangu, toka shuleni hadi barabara ya tisa, na mimi nikakanyaga polepole asije akaanguka. "Barua nimekwisha kutuma," alikuwa akisema. "Nimemwambia najua."

Bibi alipoisikia habari ile hakucheka. Aliweka ukili chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika kabla ya magharibi.

"Kosa langu," akasema. "Watoto wa chuo huwa nawatoa katikati. Namwambia mtoto, nianzie hapa, naye anaanzia hapohapo. Nyie sikuwatoa katikati. Nilidhani ya Kizungu hayatolewi katikati."

Akaanza kututoa katikati. Lakini hakuyajua maneno, kwa hivyo alitaja namba. "Mia na ishirini na tatu!" Ikasaidia kidogo. Tatizo likawa kwamba mtihani hautaji namba. Mtihani unasema kuna mjomba fulani ambaye kila siku anaahirisha safari, kisha unaacha pengo. Riziki alimtazama mjomba yule na hakumjua.

Hapo ndipo bibi alipouliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza. "Hayo maneno," alisema, "anaambiwa nani?"

Hatukuelewa.

"Mimi nina kanga sanduku zima," akasema. "Kila kanga ina jina. Jina la kanga hulielewi kwa kulisoma. Utalisoma mpaka kesho. Unauliza, nani kalivaa, na kapita nalo mlango wa nani? Ukishajua mlango, umelijua na jina. Sasa haya yenu. Hilo la kuahirisha, kwa mfano. Linapita mlango wa nani?"

Tukatazamana. Kisha sote wawili kwa pamoja tukasema: "Fundi Mbwana!"

Fundi Mbwana alikuwa fundi cherehani wetu. Ukimpelekea kitambaa mwezi wa Rajabu alikuambia kesho. Ukienda Shaabani alikuambia kesho. Usiku wa kuamkia Idi nguo ilikuwa kesho. "Put off", kuahirisha, ikawa mali ya fundi Mbwana, na nakuhakikishia sijaisahau hadi leo.

Tukaendelea. "Turn up", kutokea mahali, mara nyingi bila kutarajiwa, alipewa Mzee Athumani wa nyumba ya tatu, aliyekuja kuuliza hali zetu kila chungu kilipoepuliwa. "Sit on the fence" alipewa mama, ambaye baba na bibi wakibishana alikuwa na jambo la haraka jikoni. "Once in a blue moon", jambo la nadra sana, kilipewa kicheko cha baba yangu. "Under the weather" nilipewa mimi, kwa sababu ya maradhi yangu ya kila Jumatatu asubuhi. "Get over", kupona au kusahau machungu, alipewa kijana wa nyumba ya mkabala ambaye posa yake ilikuwa imekataliwa. Hilo tulimpa kwa matumaini, maana bado lilikuwa halijamfaa.

Tulipofika "bite off more than you can chew", kujitwika jambo kubwa kuliko uwezo wako, nilianza kufikiria majirani. Riziki akachukua penseli akaandika jina lake mwenyewe. Bibi akauliza kaandika nini. Nikamwambia. Bibi akaendelea kusuka, lakini polepole.

"Show off", kujionyesha, tulimpa Bi. Zaituni wa nyumba ya pembeni. Alikuwa amenunua friji, ya kwanza katika barabara yetu. Ilikaa sebuleni ikitazama mlango, na mlango ulikaa wazi. Sisi watoto tulivyokuwa hatuna adabu ya kutosha, kila alipopita tulinong'onezana msemo wake ili tusiusahau. Kisha tulicheka. Tulifanya hivyo na kwa wengine, lakini fundi Mbwana hakuwa na muda wa kusikia, na Mzee Athumani alikuja kutafuta chakula, si maneno.

Bi. Zaituni alisikia.

Alikuja siku ya Alhamisi, amejifunga kanga mbili, ya pili kiunoni. Kwetu kanga ya pili kiunoni si ya baridi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bi. Zaituni," bibi akasema. "Karibu kitako."

"Sikai. Bi. Mwanaidi, mie nawe tumekosana lini?"

"Hatujakosana."

"Basi mbona wajukuu zako wananisuta kwa Kizungu? Nikienda sokoni, sho ofu, kicheko. Nikirudi, sho ofu, kicheko. Jana hata sikutoka, nilichungulia dirishani tu, nikapewa."

Nilitaka ardhi ya uani inifiche. Bibi akamgeukia Riziki kwa upole uliotisha. "Riziki. Mweleze jirani maana yake. Na uongo sitaki."

Riziki akasimama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano mbele ya mwanamke mzima aliyejifunga kibwebwe. "Shikamoo, Bi. Zaituni," akaanza.

"Marahaba. Sema."

"Show off ni mtu aliye na kitu kizuri, naye anapenda wenzake wakione."

"Kitu gani?"

"Friji," akasema Riziki.

Bi. Zaituni akakaza kanga ya kiunoni.

"Hebu niulize," akasema Bi. Zaituni. "Ramadhani iliyopita, maji baridi ya kufuturu mtaa huu yalitoka wapi?"

"Kwako," akasema bibi.

"Barafu ya maiti wa nyumba ya nne, alipongojewa mwanawe toka Mombasa?"

"Kwako."

"Basi naufungua mlango nionekane, au naufungua mnione mje kuchota?"

Nilimtazama Riziki. Nilijua atafumba macho, ataanza "look after" na kutuacha pale mpaka magharibi. Hakufumba. Alimtazama Bi. Zaituni usoni na kusema palepale: "Basi tumekosea, Bi. Zaituni. Lako si hilo. Lako ni 'hand out', kugawa, kuwapa watu. Mtu mwenye kitu, akakigawa mmoja mmoja kwa mkono wake. Nimekuhamisha. Tusamehe."

Bi. Zaituni akalionja neno lile mdomoni. Akakaa kitako. Akapokea kahawa.

"Lile la kwanza usilitupe," akasema baada ya kikombe cha pili. "Kuna mtu barabara ya kumi, ana makochi hajatoa nailoni mwaka wa pili huu. Mpe." Kisha akashusha sauti. "Hamna la mwanamke aliyelala na mwanamume anayekoroma miaka kumi na tisa, asiseme neno?"

"Lipo," akasema Riziki. "Put up with, kuvumilia."

"Hilo nalo andika langu. Mtu haruhusiwi mawili?"

"Anaruhusiwa."

Toka siku ile majirani walikuja wenyewe kuuliza wamepewa nini. Riziki aliwaeleza mmoja mmoja, kwa Kiswahili, kwa mifano, na kila alipomweleza mtu, neno lilikaa. Hakurudi mwanzo tena. Fundi Mbwana pekee hakuja. Alisema atakuja kesho.

Mtihani wa taifa ulipofika, aliingia ukumbini na kalamu mbili. Alipotoka nilimuuliza ulikuwaje. Akasema: "Swali la saba nimemwona fundi Mbwana. La tisa amekuja Mzee Athumani, kama kawaida yake. Mama yako alikuwa la kumi na nne." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kutembelea ndugu.

Matokeo yalibandikwa shuleni mwaka uliofuata, asubuhi. Riziki alifaulu. Kiingereza hakikung'ara, lakini kilivuka. Tulirudi mbio kwa baiskeli, na tulipofika tukamkuta Bwana Kombo barazani. Alikuwa amekuja na basi la alfajiri toka Moa. Alikaa kama mkwe anavyokaa kwa mama mkwe wake, ukingoni, tayari kuinuka. Miguuni pake kulikuwa na kamba mpya ya kufungia sanduku.

"Shikamoo baba. Nimefaulu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi." Na alifurahi kweli, ungemwona. Kisha akasema: "Mama yako hainuki tena akishainama. Juzi wamembeba kumtoa majini. Niliahidi, najua. Lakini sina mikono."

Baba yangu alitazama sakafu. Bibi angeweza kusema neno, lakini mkwe hasukumwi na mama mkwe. Akikubali kwa haya, atavunja kwa siri. Riziki akasimama palepale na sare yake ya shule. Niliona anaitazama ile kamba.

Mama akaleta chai na mkate wa kumimina, kwa sababu kulikuwa na jambo la haraka jikoni. Bwana Kombo akanywa. Alipokitua kikombe, akasema: "Habari zenu zimefika hadi Moa. Nasikia kila mtu mtaa huu kapewa neno la Kizungu. Na mie mmenipa lipi?"

Mimi nilijua alilopewa. Nililiona kwa penseli pembeni ya kauntabuku: "take away", kuchukua kitu na kuondoka nacho. Lilikuwa limeandikwa na kufutwa, likaandikwa tena.

"Come round," akasema Riziki.

Nikamtazama.

"Maana yake?"

"Ni mtu aliyekuwa na lake moyoni. Akakaa, akafikiri, akaona la mwenzake nalo lina haki, akakubali."

"Kwa hivyo kashindwa."

"Hapana, baba. Aliyeshindwa ana lake, 'give in', kusalimu amri. Hilo sikukupa. Wa 'come round' hakusukumwa na mtu. Kageuka mwenyewe."

Bwana Kombo alikizungusha kikombe mkononi. "Na hilo 'come round', mtaa huu lina nani mwingine?"

"Halina mtu. Tumetafuta mwaka mzima."

Chai ikapoa, mama akaibadilisha, nayo ikapoa. Mwishowe akainua ile kamba, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Mama," akamwambia bibi, "mtoto abaki. Basi la saa nane lisije likaniacha."

Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda Moa wote wawili. Pwani maji yalikuwa yametoka, wanawake wameketi kivulini wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, wanazungumza. Katikati yao alikuwa Bwana Kombo, miguu kainyoosha, anafunga. Shangazi alikuwa pembeni, kajiegemeza kwenye mto, anamwambia vifundo vyake vimelegea. Wanaume wenzake waliopita na nyavu walimwita majina ambayo sitayataja hapa. Hakugeuka. Alipotuona alisema tu: "Mmekuja. Shikeni upande ule."

Riziki sasa anafanya kazi Horohoro, mpakani, na siku nzima anajaza karatasi za Kiingereza za mizigo ya watu. Mwenyewe anasema kazi ile ni "a piece of cake", yaani rahisi kama kunywa maji. Shangazi alitangulia mbele ya haki, na Bwana Kombo, na bibi pia. Mungu awarehemu.

Siku hizi mambo yamerahisishwa. Binti yangu Tatu anasoma shule ambayo Kiingereza kinaanza na uji wa chekechea. Anakisema vizuri hivi kwamba kuku wangu wanaitikia kwa lugha mbili. Akitaka maana ya msemo wowote anaiuliza simu, na simu inamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Kesho yake anaiuliza tena msemo uleule. Simu haichoki, na simshangai Tatu. Kama bibi angekuwa na subira ya namna hiyo, sisi pia tungekuwa tunamuuliza hadi leo.

Mwezi uliopita alikuwa na jaribio, nikamfundisha njia yetu. Nikamwambia aandike misemo ishirini na ampe kila mmoja mtu wa mtaani kwetu. Alifurahi. Alianza kwa kasi. Baada ya dakika chache akaja jikoni na karatasi.

"Mama, nimefika saba."

"Endelea."

"Watu wameisha."

Nikamwambia hiyo ndiyo "run out of", kuishiwa na kitu, na kwamba huo ni msemo wa nane. Akaandika. Lakini nilikaa pale jikoni nikahesabu mwenyewe, na nikaona mtoto hajakosea. Tunaishi kwenye nyumba nzuri yenye ukuta. Jirani wa kulia nalijua gari lake. Wa kushoto namjua mbwa wake. Friji zote zimo ndani na milango imefungwa, na hakuna anayejua nani anakoroma. Ningepewa mimi misemo mia mbili leo, ningekwama palepale alipokwama Tatu.

Kwa hivyo, ndugu msikilizaji, somo la leo ni fupi. Chukua karatasi, uandike "drop in", kumpitia mtu nyumbani kwake bila kualikwa. Mbele yake andika jina la jirani mmoja. Kisha vaa viatu, nenda kapige hodi.